Patroba na Vibao vya Maua

Mwaka wa pili baada ya Uhuru, Patroba Shimenga wa Malinya alianza kuogopa vibao ambavyo yeye mwenyewe alivichomeka ardhini.

Alikuwa mtunza bustani wa shule ya sekondari ya wasichana, nje kidogo ya mji wa Kakamega. Miaka kumi na moja alikuwa hapo. Vichaka vyote mbele ya mabweni alivipanda kwa mikono yake, huku mke wa mwalimu mkuu wa zamani, Mzungu mmoja mkali, akimsimamia. Mama huyo ndiye aliyeandika vibao: jina la ua, ukoo wake, na nchi lilikotoka. Uhuru ulipoingia alifunga masanduku akarudi kwao. Vibao vikabaki.

Sherehe za Jamhuri zilipokaribia, mwalimu mkuu mpya aliagiza kila kigingi cha kibao kipakwe rangi nyeupe. Patroba aling'oa vibao, akavipaka miguu, akaviegemeza ukutani kwa mpangilio alioujua yeye. Mvua ya mawe ikaja na upepo wake, ikavitawanya uani kote. Patroba hakujua kusoma. Aliviokota, akavirudisha kwa kukisia. Alijiambia, nani atavisoma? Mama mwenyewe ameshaenda.

Muhula uliofuata akaja Mwalimu Jelagat.

Alikuwa binti wa Lugari, mwembamba, mwenye haraka, ndiyo kwanza ametoka chuoni. Alikuta maabara yenye hadubini moja iliyovunjika kioo. Vielelezo alivyoagiza Nairobi havikufika mwezi wa kwanza, wala wa pili, na wasichana wa Kidato cha Nne walikuwa na mtihani mwisho wa mwaka. Asubuhi moja akawatoa darasani, daftari mkononi, akawapanga mbele ya maua.

"Hapa tulipo kuna koo zaidi ya ishirini za mimea," aliwaambia. "Kutoka bwenini mpaka kanisani mnakanyaga dunia nzima. Someni kibao, kisha mtazame ua. Hesabuni kila sehemu yake."

Patroba alikuwa ameinama kwenye ua wa kayaba, uzio wa miiba, mkasi mkononi. Mkasi ukasimama.

 Kila Jumanne na Alhamisi wasichana walitoka na madaftari, nao waliandika, waliandika! Mara mbili aliondoka nyumbani akikusudia kusema, mara mbili akashika toroli na kupita. Mwalimu mkuu alikuwa amemfukuza mpishi kwa kosa dogo kuliko hilo.

Jumapili moja, baada ya kanisa, mkewe Priscah alimwekea obusuma, ugali wa kwao, na mboga. Akamega tonge moja, akaliacha.

"Baba Joash, wewe ni mgonjwa?"

"Siumwi."

"Basi ni nini? Wiki ya tatu hii unatazamanga sahani tu."

Akamweleza yote. Priscah akasema, "Waambie. Wakikufukuza, shamba lipo."

"Shamba gani, Mama Joash? Hiyo robo ekari?"

Priscah aliinuka. Alifunika chakula kwa sahani nyingine, akatoka nje.

Alhamisi iliyofuata ilikuwa ya mwisho kabla ya kufunga shule. Mwalimu Jelagat aliwasimamisha wasichana mbele ya kichaka chenye maua makubwa ya manjano, kile kilichoegemea ukuta wa maktaba.

"Kibao kinasema nini?"

Msichana mmoja akasoma jina la ukoo. Mwalimu akafungua kitabu chake. "Huo ndio ukoo wa pamba. Na wa bamia pia. Kwa hiyo hiki ni jamaa ya bamia."

Zainabu, binti wa Mumias aliyependa kucheka, akainua mkono. "Mwalimu, mama yangu hupika bamia kila wiki. Kama hiki ni jamaa yake, nitampelekea majani haya aonje." Wenzake wakacheka. Akachuma majani matano, akayafunga ndani ya leso.

Patroba alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, akipogoa. Hicho ndicho kichaka ambacho Mzungu yule alimwonya asikikate kabla ya kufunga kitambaa mikononi. Mbuzi wa mlinzi alikula matawi yake yaliyokatwa, akahara siku nzima, akafa. Bamia? Jamaa ya bamia kilikuwa kile kichaka kingine cha manjano, cha upande wa kisima!

Akatupa mkasi.

"Mwalimu! Asibebe hayo majani! Yana sumu!"

Wasichana wote wakageuka. Jasho lilimtoka kama aliyebeba mizigo.

"Mzee Patroba, umesema nini?"

"Kibao hiki si chake. Vibao nilivichanganya mimi, wakati wa kupaka rangi. Mimi sijui kusoma, Mwalimu. Niliogopa kusema."

Mwalimu Jelagat alikisogelea kichaka. Alivunja tawi. Maziwa meupe yakachuruzika mpaka kidoleni. Akayatazama kwa muda, uso ukimbadilika rangi.

"Bamia haina maziwa," alisema Zainabu taratibu, na leso ikamwanguka mkononi.

"Haina," Mwalimu alisema. "Nami nilipaswa kuvunja tawi kabla ya kufungua mdomo. Nendeni mkanawe mikono, wote, kwa sabuni. Kisha mrudi na madaftari. Tunaanza upya."

Waliporudi aliagiza vibao vyote ving'olewe. Mpaka kengele ya chakula walivunja matawi, wakahesabu petali, wakapasua matunda, Patroba akiwatangulia na kuwaambia kipi hutoa maziwa, kipi hunata, kipi huchanua kabla ya mvua. Vibao kumi na vitatu vilikuwa mahali pasipo pake. Viwili hawakuweza kuviamulia, Mwalimu akavibeba ofisini.

Mwalimu mkuu alipopata habari hakumfukuza Patroba. Alimpa barua ya onyo, ambayo Patroba alilazimika kuomba asomewe, akamhamishia jikoni kuchanja kuni. Mwalimu Jelagat alikwenda kumwombea mara tatu. Muhula wa tatu ulipoanza alirudishwa bustanini, na kila darasa la mimea lilipotoka nje aliitwa asimame karibu.

Zainabu alifaulu somo la biolojia. Wawili kati ya wenzake walianguka, na mpaka alipostaafu Patroba hakuacha kujiuliza kama waliangushwa na yale waliyoandika katika zile wiki alizonyamaza. Hakuna aliyeweza kumjibu. Alikuwa akikutana na mmoja wao sokoni, mama wa watoto wanne sasa, akimsalimia kwa furaha, naye akiitikia huku akitazama chini.