Mkono Kando ya Sufuria

Nauza vyombo Lusahunga, kwenye kibanda kinachotazama barabara ya kwenda Rusumo. Sufuria, mabeseni, madiaba, chupa za chai. Malori yakisimama, madereva hununua jagi au kikombe, lakini siku hizi wateja wangu wengi hawafiki kibandani. Wanaona picha kwenye simu, wanatuma hela, na mzigo unapanda basi au bodaboda mpaka kwao.

Mwanzoni nilikuwa naweka picha anazonitumia mwenye duka la jumla, ambaye naye anazipata kiwandani. Kila muuza vyombo ninayemjua anafanya hivyo, na sioni ubaya wa mtu kutumia picha nzuri ya kitu anachokiuza kweli. Shida yake ni kwamba kwenye picha hizo chombo kimesimama peke yake na nyuma yake ni peupe. Hakuna meza wala sakafu, hakuna mtu. Sufuria ya kuchemshia mayai na sufuria ya wali wa harusi zinaonekana sawa. Mteja mmoja wa Ngara mjini aliagiza beseni la kuogeshea mtoto, akapokea la kunawia mikono. Aliniandikia, “Dada, nimezaa mtoto, si kifaranga.” Nilicheka, nikamrudishia hela yake, kisha nikakaa kwenye kigoda nimechoka. Hakuwa wa kwanza.

Basi nikaanza kupiga picha mwenyewe, mkono wangu ukiwa kando ya chombo. Mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia umeshika simu. Kila mtu anajua mkono wa mtu mzima una ukubwa gani.

Mdogo wangu wa kike, anayenisaidia kibandani, hakupenda.

“Dada, wenzako wanauza kwa picha zinazong'aa, wewe unatuwekea mkono wa mchimba kisima.”

“Ndio huo uliokulisha.”

“Najua. Lakini wateja hawakulishwa nao.”

Mkono wenyewe kweli si wa kuonyesha. Kidole cha mwisho kimepinda kwa ndani. Nilianguka na baiskeli yenye mikungu ya ndizi kwenye mteremko kule kwetu Nyamiaga, mwaka uliofuata baada ya kumzika mama. Baba alikuwa ametangulia. Nilikuwa nimeacha shule nikiwa kidato cha pili, mimi ndiye mkubwa, na nyumbani kulikuwa na wadogo watatu. Kwenda hospitali kulihitaji mtu wa kubaki nao, na mtu wa kubaki nao nilikuwa mimi. Kidole kikapona kilivyotaka chenyewe.

Lakini mkono uliuza. Wateja wakawa wananiandikia, “Weka mkono tuone.” Malalamiko yakapungua, na kwangu hilo lilitosha.

Ndipo akaja mama mmoja kutoka Kaniha. Alishuka kwenye bodaboda akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, mama wa makamo, kitenge kimefungwa kiunoni kwa nguvu kama mtu anayekwenda kulima. Nikamwamkia, “Shikamoo, mama.” Hakuitikia. Aliunyanyua mkono wangu wa kushoto kutoka juu ya meza, akaugeuza, akakitazama kile kidole.

“Ndio huu,” akasema. “Nipe sufuria yangu.”

Kijana wa bodaboda aliyemleta akacheka. “Mama, unamchumbia dada wa watu?”

“Nyamaza wewe. Nimemtafuta huyu wiki nzima.”

Akatoa simu yenye kioo kilichopasuka, akanionyesha. Ilikuwa picha yangu. Sufuria kubwa kabisa, ile ya kupikia msibani, na mkono wangu umeshika ukingo wake. Sehemu ya chini, ambapo huwa naandika jina la kibanda, ilikuwa imekatwa. Chini yake kulikuwa na namba ya simu nisiyoijua.

Alinieleza huku amesimama. Aliiona picha kwenye kundi la kuuza na kununua, akatuma hela kwa namba ile, akaambiwa sufuria itashushwa na basi hapa stendi ya Lusahunga. Akaja, hakuna kitu. Akaja tena. Mara ya pili namba haikupatikana. Muuza mahindi ya kuchoma ndiye aliyeitazama picha akamwambia mkono wa namna hiyo anao muuza vyombo wa pale mbele.

Nilimwonyesha namba yangu, nikamwonyesha picha nzima kwenye simu yangu, ikiwa na jina la kibanda. Sufuria yenyewe ilikuwa bado iko pale, imefunikwa juu ya rafu. Alitazama simu moja, akatazama nyingine. Baadaye akakaa kwenye kigoda changu na kukunja miguu, kama mtu aliyefika mwisho wa safari na kukuta si kwenyewe.

“Wewe nakuamini,” akasema. “Wenzangu ndio hawataniamini.”

Hela haikuwa yake. Ilikuwa ya kikundi cha akina mama wa kwao, wanaosaidiana kwenye misiba. Kukifa mtu, wanakuja na vyombo vyao, wanachota maji, wanapika, wanaosha, mpaka watu watawanyike. Yeye ndiye aliyekuwa anatunza vyombo hivyo, na yeye ndiye aliyetumwa kununua sufuria. Sasa walikuwa wanasema ameila hela, na kesho yake walikuwa wanakutana kumtoa.

“Wakinitoa, wanitoe,” akasema. “Lakini mume wangu amelala nyumbani, mgonjwa, mwezi wa tano huu. Sisi tulikuja na ng'ombe kutoka Shinyanga. Hapa hatuna ndugu. Akinifia, nani atakanyaga kwangu?”

Mama yangu alipokufa, majirani wa Nyamiaga waliingia uani na sufuria zao kabla hata sijajua nianzie wapi. Mimi nilikuwa nimekaa tu, nimembeba mdogo wetu wa mwisho, na chakula kikapikwa.

Mama yule alipokwenda kutafuta maji ya kunywa, nilimwambia mdogo wangu nataka kumpa ile sufuria aondoke nayo. Akanikazia macho.

“Ukimpa, umekubali kwamba ulikula wewe. Kesho watakuja wote walioibiwa kwa huo mkono wako. Utawapa wote?”

Alikuwa sahihi, na hilo lilinichosha zaidi. Sufuria ilibaki kwenye rafu. Nikamwambia yule mama nitakwenda naye kesho kwenye kikao chao.

“Uje ufanye nini?”

“Waone mkono na picha. Niwaambie kwamba hukula.”

Siku iliyofuata sikufungua mapema. Mdogo wangu alibaki kibandani akinung'unika, nikapanda bodaboda kwenda Kaniha. Nilikuta akina mama wamekaa kwenye majamvi uani kwa mwenyekiti wao, wanachambua maharage. Mikono haikusimama nilipofika. Niliwaamkia wote, wakaitikia, mwenyekiti akanipa nafasi pembeni yake. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya chini, mwenyeji wa pale tangu kuzaliwa.

“Kwa hiyo wewe ndiye mkono,” akasema.

Wakacheka. Nami nikacheka kidogo.

“Ndiyo, mama. Mkono ni wangu. Namba si yangu.”

Nikapitisha simu yangu na simu ya mwenzao, wakazitazama moja moja. Mmoja akaomba niweke mkono juu ya jamvi karibu na picha. Nikauweka. Wakaukagua kidole kwa kidole, kama wanavyokagua kuku sokoni.

“Lakini mwizi naye si ana mkono?” mmoja akauliza. “Kwa nini asipige wake?”

“Hana sufuria ya kuushikisha,” mwingine akamjibu, wakacheka tena.

Mwenyekiti hakucheka. “Binti, umetoka mbali na tunakushukuru. Kwamba kwenye simu kuna wezi, tunajua. Ninachouliza ni kimoja, na sikuulizi wewe.” Akamgeukia mwenzao. “Ulikuwa na hela yetu. Kwa nini ulimtumia mtu ambaye hujamwona?”

Yule mama alikuwa amekaa mwisho wa jamvi, hajagusa maharage.

“Picha nyingine zote zilikuwa sufuria tupu,” akasema. “Zinang'aa, hujui iko wapi, hujui ni ya nani. Hii ilikuwa na mkono wa mtu, tena umeumia. Nikasema huyu amefanya kazi. Nikajiona nimemwona.”

Hapo nilitamani mkono wangu uwe umebaki nyumbani. Hakuna aliyenitazama. Maharage yaliendelea kudondoka kwenye ungo.

Walizungumza kwa muda mrefu, mara Kiswahili, mara Kisubi, na Kisukuma kidogo walipotaka yule mwenzao aelewe vizuri. Mimi nilishika machache. Mwishoni mwenyekiti akasema kwa Kiswahili ili nami nisikie: hakula, amedanganywa. Habaki na vyombo, maana mtunza vyombo anatakiwa kuuliza wenzake. Kwenye kikundi anabaki.

“Na vyombo tunavihamisha leo,” akasema. “Nyanyukeni.”

Tukaenda wote. Nyumba ya mtunza vyombo haikuwa mbali, ya tofali mbichi, na vyombo vilikuwa kwenye chumba cha pembeni, vimepangwa kwa ukubwa na kufunikwa shuka. Yule mama alivitoa kimoja kimoja akiwakabidhi wenzake mlangoni. Nami nilipewa sufuria mbili nibebe. Zilisikika sufuria tu, zinagongana.

Kutoka chumba cha pili sauti ya mwanamume ikauliza, dhaifu, “Nani amekufa?”

Wote tukasimama tulivyo. Mwenyekiti akaweka chini diaba alilobeba, akaenda mpaka kwenye pazia la mlango ule.

“Hajafa mtu, baba,” akasema. “Tunavihamishia kwangu tu.”

“Mbona mnavitoa? Si vinakaa hapa?”

“Vilikuwa vinakaa. Sasa vitakaa kwangu.” Akarekebisha khanga kichwani. “Vikihitajika hapa vitakuja. Na sisi tutakuja navyo.”

Mgonjwa alifikiri, tukisikia pumzi zake.

“Haya,” akasema.

Mwenyekiti akarudi, akainua diaba lake, tukatoka.