Mashati 3,600 Mdomoni mwa Kasuku

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, shati la kwanza linatandazwa mezani. Kabla pasi haijashika moto, vidole viwili vinaingia mfuko wa kifuani, vinazunguka, vinatoka vitupu. Inafuata suruali: mfuko wa kulia, wa kushoto, wa nyuma. Hapo ndipo mwanamke huyu analowesha kidole kwa ulimi na kuigusa pasi kwa chini. Inalia kidogo. Kazi inaanza.

Mtaa mzima unamwita Mama Pasi, na wapo majirani wa miaka tisa ambao ukiwauliza jina lake la kweli watakuna kichwa. Kibanda chake cha kazi ni chumba cha mbele cha nyumba anayoishi na familia yake: meza moja, pasi moja ambayo waya wake umezungushiwa utepe mweusi mara tatu, kamba mbili za kutundikia nguo, na rafu yenye mkebe wa biskuti uliopauka.

Mkebe huo ndio heshima ya kazi yake. Kila nguo inayoingia hapa hubanwa kwa pini kipande cha kitambaa chenye namba ya mteja, na chochote kitakachokutwa mfukoni huwekwa mkebeni na namba hiyohiyo mpaka mwenyewe aje. Katika miaka kumi na minane ya udobi, hajawahi kupiga pasi mfuko ambao hajaupekua. Labda niseme hajawahi kwa wateja, maana yapo makubwa yanakuja.

"Nimekuta pete ya ndoa, nimekuta funguo za ofisi, nimekuta barua ya mtu ya kuacha kazi," anasema. "Ile barua sikuisoma, niliona maneno ya juu tu. Nikamrudishia mwenyewe nikanyamaza. Mpaka leo ananiletea mashati ya kazini, basi nadhani alighairi."

Anacheka, na kiganja cha kushoto kinapanda haraka kufunika mdomo. Mwanzoni nilidhani anakinga mvuke.

Ana watoto watatu. Wawili wakubwa wanajitegemea, na wa mwisho ni binti wa miaka kumi na minne anayeitwa Kasuku. Jina hilo alilipata akiwa na miaka mitatu, kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki. Aliwapokea wateja mlangoni, akawauliza wametoka wapi, akawaeleza kilichopikwa jana na nani aligombana na nani. Wengine walikuwa wakileta nguo safi ili mradi tu wamsikilize.

Alipofika darasa la tano, maneno yakakatika. Meno ya juu yalikuwa yametangulia mbele kupita kiasi, na ya chini yakawa yanachoma kaakaa hadi kutoa vidonda. Chakula kigumu alikikatakata kwa kisu kabla ya kukitia kinywani. Shuleni wenzake wakampa jina jingine, ambalo mama yake amekataa katakata lichapishwe, nasi hatulichapishi.

"Siku aliponiambia hilo jina, nilishalijua," anasema Mama Pasi. "Na mimi niliitwa hivyohivyo."

Hapo ndipo unaelewa habari ya kile kiganja. Mama na binti walikuwa na meno ya aina moja. Katika picha ya harusi iliyotundikwa ukutani, bibi harusi amebana midomo kama fundi cherehani aliyeshika pini. Miaka arobaini na mmoja amecheka nyuma ya mkono, na hakutaka mwanawe arithi mkono huo.

Daktari wa meno alipomtajia bei ya vyuma vya kunyoosha meno, Mama Pasi hakuuliza ni mshahara wa miezi mingapi. Aliigawa kwa bei ya kupiga pasi shati moja, palepale kwenye benchi la kusubiri, kwa vidole. Jibu lilikuwa mashati elfu tatu na mia sita. Elfu moja na mia mbili yalitakiwa kwanza, kabla chuma hakijagusa jino. Mengine mia moja kila mwezi kwa miaka miwili.

"Pesa mimi naziona zinateleza tu," anaeleza. "Shati nalijua. Lina kola, lina mabega, lina mikono, lina vifungo saba. Ukiniambia mashati elfu tatu, mgongo wangu unaelewa umeambiwa nini."

Siku njema hupiga pasi nguo arobaini. Umeme, maji, ada na chakula vikishachukua chao, yanabaki mashati matano au sita. Walichukua miezi kumi kuyafikisha yale ya mwanzo, na wasingeyafikisha bila mumewe, ambaye ni fundi rangi. Yeye alikuwa ameanza kuweka dari chumbani kwao. Akaiacha nusu, akauza mbao zilizobaki, na dari imebaki nusu hadi leo.

"Nikilala chali natazama mabati," anasema mume, akiwa amesimama mlangoni na ndoo ya rangi mkononi. "Najiambia, hayo ni meno ya mwanangu. Usingizi unakuja."

Si kila mtu aliwaelewa. Wifi yake, dada wa huyu mume, alikuja na maneno yake moja kwa moja. Alisema meno kazi yake ni kutafuna, yakinyooka chakula hakitaongezeka utamu, na mtu mwenye nusu dari hana haja ya kutengeneza mdomo. Mama Pasi alimmiminia chai, akaendelea na kola iliyokuwa mezani.

"Wifi yangu ana meno mazuri tangu kuzaliwa. Angejuaje?"

Vyuma vikafungwa. Kila mwezi waya ulipokazwa, Kasuku alikunywa uji siku mbili na kununa siku tatu. Mama hakukosa malipo hata mwezi mmoja. Mwezi aliougua homa, mumewe alishika pasi mwenyewe na akaunguza mashati mawili tu, jambo ambalo bado anajivunia.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, vyuma vikatolewa. Kasuku alipoelekezewa kioo, alianza kuzungumza na hakunyamaza hadi nyumbani. Mama yake anasema alimsikiliza njia nzima na hakumbuki hata neno moja, kwa sababu alikuwa akilia.

Lakini daktari alikuwa ametoa onyo. Meno yaliyovutwa hutaka kurudi yalikotoka. Kwa hiyo alimpa Kasuku kishikizi, ganda jembamba la plastiki angavu linalovishwa meno ili yatulie. Akivae mchana na usiku, akivue wakati wa kula tu, na akikivua akiweke kwenye kisanduku chake kidogo. Asipokivaa miezi hii ya mwanzo, mashati yote yale yatakuwa yamekwenda bure.

Kasuku akaona aibu kutoa kisanduku mbele ya wenzake. Akila shuleni, alikifunga kishikizi kwenye tishu na kukitia mfukoni mwa sketi. Nyumbani hakumwambia mtu.

Wiki ya tano, siku ya Jumamosi, shule iliandaa mdahalo saa nane mchana, na Kasuku alikuwa ameandikisha jina lake kuzungumza. Tangu darasa la tano hakuwahi kusimama mbele ya watu. Asubuhi kulikuwa na mazoezi. Wakati wa mapumziko alivua kishikizi kama kawaida, akala, na kwa raha ya kubishana na wenzake akasahau kukirudisha. Saa sita akafika nyumbani, akavua sketi, akaenda kuoga.

Mama aliiona sketi ile ya marinda imejikunja. Mwanawe anakwenda kusimama mbele ya watu, na mama mtu ndiye dobi. Akaitandaza, akapandisha moto, akaikandamiza kwa nguvu ili marinda yasimame.

"Mifuko ya wateja naipekua yote," anasema, na sauti inashuka. "Ya mwanangu nikasema, huyu ni wangu, ana nini huyu."

Harufu ndiyo iliyomwambia. Akachana mfuko kwa mkasi, akakuta tishu imekuwa kahawia na kishikizi kimekunjamana, kimeng'ang'ania kitambaa. Akakaa sakafuni. Kazi ya miaka karibu mitatu, na ameiharibu kwa pasi ileile iliyoilipia.

Kasuku akatoka kuoga na taulo begani. Akaitazama sketi, akamtazama mama yake pale chini. Mama Pasi alijiandaa kwa kilio cha mtoto, au kwa hasira, na angezipokea zote mbili.

"Mama, niazime ile sketi yako nyeusi," akasema Kasuku. "Saa nane inafika."

Akaivaa ikimpwaya, akaibana kiunoni kwa pini ya wateja, akaenda. Upande wake ulishindwa. Mwalimu wake anasimulia kwamba alipitiliza muda wake mara mbili, kengele ikapigwa, naye akaomba dakika moja ya kumalizia ambayo haikuwa dakika moja.

Jumatatu asubuhi walikuwa wa kwanza kwa daktari. Meno yalikuwa yameanza kusogea kidogo sana, na hawakuwa wamechelewa. Ila kishikizi cha pili hakimo kwenye bei ya mwanzo. Mashati mia mbili.

Mama Pasi alikuwa nayo mia mbili na kumi. Alikuwa akiyatunza kwa ajili ya pasi ya mvuke, kwa sababu mkono wake wa kulia siku hizi unakufa ganzi jioni. Akayatoa hapohapo.

"Daktari akauliza kile cha kwanza kimepatwa na nini," anakumbuka. "Nikamwambia, nimekipiga pasi. Akavua miwani, akacheka mpaka muuguzi akaja kuchungulia. Nikacheka na mimi. Ndipo akaniona meno. Akasema, na wewe mama, bado hujachelewa. Nikamwambia aache utani."

Kasuku alikuwa amekaa pembeni, na yeye hakuuchukulia kuwa utani.

Leo anarudi shule saa tisa na sauti yake inatangulia kuingia. Anamsalimu mgeni, anamuuliza kama gazeti linalipa vizuri, anamwambia viatu vyake vinahitaji rangi. Mama anamtaka ale kwanza. Anavua kishikizi, anakitia kwenye kisanduku, na kisanduku anakiweka ndani ya mkebe wa biskuti, kikiwa na kipande cha kitambaa kilichoandikwa namba moja. Wateja wote wamesogezwa ili namba hiyo iwe yake.

Mipango ipo. Pasi ya mvuke inunuliwe kabla mwaka haujaisha. Kisha dari, ambayo mume anasema ataimaliza kwa wiki moja, na mke anasema tutaona. Wifi naye siku hizi analeta mashati ya mumewe hapa, na analipa bila kuomba punguzo.

Ndani ya mkebe kuna kisanduku cha pili. Ni cha kile kishikizi kilichoungua. Ndani hakina kitu, ila nacho kimebanwa kitambaa, chenye namba mbili kwa mwandiko wa mtoto wa shule. Ninauliza ni cha mteja gani.

"Cha mama," anajibu Kasuku, mdomo umejaa chakula.

"Achana naye, mtoto huyu ana maneno," anasema Mama Pasi. Anavuta shati jingine, anapekua mfuko wa kifuani, anaanza na kola. Nauliza kwa nini basi hajakitoa mkebeni.

"Hakijazi nafasi," anasema, na anacheka, na mkono wake wa kushoto unabaki mezani, umeshikilia shati.