Landrova Iliyoshindwa Kumbeba Bibi Harusi

Nakumbuka asubuhi ya siku niliyoolewa, mwanangu, na harufu inayonijia puani hadi leo ni ya petroli. Maua yalikuwepo, marashi yalikuwepo, mama alinipaka mafuta mpaka nikang'aa. Lakini uani kwetu, kule juu mlimani ambako ukisimama unaiona Bwera yote chini yako, kaka yangu Kasereka alikuwa amelala chini ya Landrova yake tangu alfajiri, na nyumba nzima ilinuka gari.

Nakusimulia haya kwa sababu nimekuona wewe na hilo gari lako nyuma ya jiko. Umelipata kwa watu limeota majani, umeyang'oa majani, umelipaka rangi, umelitia redio. Haya, hongera. Nimesikia pia umemwahidi mkeo kwamba Jumapili utampeleka kwa wazazi wake Kitswamba, yeye na mtoto. Basi weka simu chini unisikilize.

Landrova ya Kasereka ilikuwa imeachwa Mpondwe, pale mpakani, nyuma ya ghala moja la kahawa, kwa muda ambao hata mwenye ghala hakuukumbuka. Kuku walikuwa wanataga chini ya kiti cha dereva. Vijana waliikokota kwa kamba kupanda mlima, wanaimba, wanasukuma, wanatukanana, ikafika kwetu ikawekwa juu ya matofali. Kaka yangu hakuwa fundi, alikuwa na kichwa kigumu tu. Injini ilikuwa imeganda kwa kutu. Akaimiminia mafuta ya taa kwenye matundu ya plagi, akaiacha ilale, na kila jioni akawa anakuja kujaribu kuizungusha kwa hendeli. Siku ilipokubali alipiga kelele mpaka baba akatoka na panga akidhani tumevamiwa. Mimi mwenyewe nilishona vitambaa vya viti, kitenge cha kijani, kizuri kweli.

Lakini unielewe hapa. Sisi tulikuja Bwera kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, tukiwa wadogo, tunakimbia vita, na mama mkwe wangu alikuwa ameshasema sokoni, watu wanasikia, kwamba mwanawe anaoa mtu aliyefika na furushi kichwani. Maneno hayo yalinichoma. Nilitaka nishuke ule mlima nimekaa kwenye kiti, honi inalia, anione.

Basi siku ikafika. Bibi harusi tayari, wasimamizi tayari, mama ameshaanza kulia. Kasereka akawasha gari, likaunguruma, watu wakapiga vigelegele. Ndipo akatoka mjomba Kambale, kaka yake mama, na kikombe chake mkononi. Mjomba aliendesha malori ya chumvi ya Katwe miaka mingi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache yaliudhi.

"Kasereka, gari inasimama?"

"Iko inatembea muzuri, mujomba!"

"Sikukuuliza kutembea."

Kaka yangu akacheka. Akasema breki ziko, zinakawia kidogo tu, atashuka polepole na gia ya kwanza.

Mjomba akaweka kikombe juu ya jiwe. Akateremka mpaka mwisho wa uwanja, pale ardhi inapoanza kuinama kabla ya njia, akageuka, mgongo wake ukagusa ukuta wa mawe.

"Kuja na gari," akasema. "Simamisha mbele ya tumbo yangu."

Vigelegele vikakatika. Mama akamlilia, "Kambale, leo ni harusi!" Mjomba akabaki pale pale ukutani. Kasereka akapanda, akashika usukani, akabaki ameushika hivyo hivyo. Niliona jasho linamtoka. Na mimi, Mungu anisamehe, kiburi kilikuwa kimenipanda kichwani. Akilini nilikuwa namwona mama mkwe kwenye mlango wa kanisa anaangalia barabara. Nikapaza sauti mbele ya watu wote: "Endesha! Si umesema breki ziko? Endesha, tunachelewa!"

Akazima injini. Akashuka bila kumtazama mtu.

"Siwezi, mujomba."

"Kumbe unajua," mjomba akasema. "Unaogopa kuniua mimi muzee. Na huyu dada yako mwenye ndiyo anaanza maisha, ulikuwa unamutia ndani."

Kisha akanigeukia mimi. Nilingoja matusi. Akasema kwa sauti ya chini tu, "Na wewe, mutoto wangu, umesikia ile umesema?"

Nilikuwa nimeisikia, mwanangu. Nilikuwa nimemwambia kaka yangu, yeye aliyenibeba mgongoni tulipokimbia, aendeshe gari kwenye tumbo la mjomba wetu, ili mwanamke mmoja anione nimekaa kwenye kiti. Nililia mpaka poda yote ikaisha usoni.

Tulishuka kwa miguu. Gauni nimelikunja mpaka magotini, viatu vyeupe mkononi, mjomba mbele anatuchagulia pa kukanyaga, Kasereka nyuma kabisa na sanduku langu kichwani. Usidhani watu hawakucheka. Walicheka, tena sana! Mama mkwe alitazama tope miguuni mwangu, akatazama tena, akaguna. Mwaka mzima sokoni waliniita bibi harusi wa miguu. Iliniuma, sikufichi. Halafu wakapata mwingine wa kumcheka, yakaisha.

Baada ya harusi, mjomba na Kasereka waliifungua ile Landrova upya. Paipu ya mafuta ya breki ilikuwa imeliwa na kutu, na kutu yenyewe imefunikwa na rangi mpya ya kaka yangu. Alipoishika tu, ikamvunjikia mkononi. Akatuma mtu aniite. Nilipofika nilimkuta amekaa chini uani, akaninyoshea kile kipande. Na mimi nikakaa pale chini naye. Baadaye gari likatengenezwa vizuri, likabeba watu miaka mingi, likambeba hata mama mkwe alipougua, na alisifu viti.

Sasa nasaha yangu ni hii. Ukifufua gari lililolala, anza na breki. Injini ina kelele, watu wataipigia makofi. Breki hakuna anayeishangilia, ndiyo maana ninyi vijana mnaiacha ya mwisho, na hata redio inaitangulia. Na iwe hivyo hivyo katika biashara yako pale mpakani, na katika hasira zako ambazo nazijua: kabla hujaondoka, ujue utasimama vipi. Aibu ya kusema "bado" mbele ya watu inauma, lakini unaweza kuishi nayo, mimi niliishi nayo. Kuna mengine huwezi kuishi nayo. Na anayekuharakisha, hata awe mkeo, hata niwe mimi mama yako nimevaa kitenge kipya, mwambie bado.

Jumamosi nitasimama pale langoni. Utawasha gari, uje. Ukinifikia likasimama, nendeni Kitswamba, mnisalimie wakwe. Na ukiona huwezi, ukazima injini, sitakucheka mwanangu. Nitakukumbatia mbele ya mkeo, nijue nimezaa mtu.

Mungu akulindie macho na mikono. Akupe moyo wa kusema ukweli hata vigelegele vikiwa vimeshapigwa. Na kila utakayempakia, amrudishe kwao mzima, akicheka. Amina.