Ganzi Kwa Mama Mkwe

Vyuma vyangu vya mazoezi nilivitengeneza mwenyewe, hapo nyuma ya nyumba, kijijini Mkiwa: zege ndani ya ndoo za rangi, bomba la maji katikati. Nilijiona dume. Jioni moja, vijana wa jirani wakitazama, niliongeza ndoo mbili, nikainua kwa pupa, na kiuno kikalia. Tangu hapo maumivu yalikuwa yakitoka kiunoni, yakipita tako la kushoto mpaka vidoleni, mithili ya shoti ya umeme.

Mtaalamu wa mazoezi tiba hospitalini alisema mshipa wa fahamu umebanwa. Nisinyanyue kitu, nitembee kidogo kidogo, nisikae chini kwa muda mrefu. Halafu akashusha sauti: "Ukiona ganzi sehemu za siri, au mkojo umegoma, usisubiri kesho. Njoo saa hiyohiyo." Mengine niliyasahau njiani. Hilo halikunitoka. Kila nikiamka nilijifinya mapajani kwanza, ndipo nisalimie watu.

Mke wangu alikuwa kwao Mtinko, akilelewa uzazi. Nikaenda kumwona mtoto. Nilipofika, alikuwa amempeleka kliniki, na baba mkwe yuko mnadani. Nyumbani kulikuwa na mama mkwe peke yake.

Wanaojua ukwe wa kwetu watanielewa. Mama mkwe humshiki mkono, humtazami usoni, na mazungumzo ni ya salamu tu. Nilimwamkia shikamoo nikiwa mbali, akaitikia ameangalia pembeni, akaniwekea kigoda kifupi kivulini, akarudi jikoni. Ningekikataaje kigoda cha mama mkwe? Nikakaa.

Nilipotaka kuinuka, mguu haukuwepo. Nikajaribu tena. Hapo nikagundua kwamba na pale nilipokalia sisikii kitu, kama nimekalia mwili wa mtu mwingine. Nikakumbuka pia kuwa tangu alfajiri nilikuwa najikamua chooni bila kupata hata tone, nikajidanganya kwamba ni jua la jana limenikausha. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, na wa kumwambia alikuwa yule mmoja nisiyeweza kumwambia.

Nilijifinya mapajani tena na tena, mjinga mimi. Mwishowe nikaita, "Mama."

"Abee, baba." Akasimama mlangoni.

"Siwezi kuinuka."

"Mgongo?"

"Mgongo. Na ganzi."

"Ganzi ya wapi?"

Nikatazama kuku. Nilitamani ardhi inimeze.

"Baba, nakuuliza. Ganzi ya wapi?"

"Hapa nilipokalia. Mpaka mbele."

Akavuta pumzi. "Haja ndogo unapata?"

"Sipati, mama." Nikaanza kulia.

Alikuja, akainama, akaniambia nishike shingo yake. Akaniinua mzimamzima, mimi mwenye kifua cha zege, akanikokota mpaka barabarani huku akipaza sauti kwa Kinyaturu kuomba gari. Jirani mmoja alikuwa anapeleka alizeti mjini. Akashusha magunia, nikalazwa nyuma ya pikapu, na kila shimo la barabara nilihisi limenikata vipande viwili.

Hospitalini mjini, daktari aliniuliza tatizo. "Mgongo tu," nikasema, maana mama mkwe alikuwa amesimama palepale.

"Mgongo gani!" mama mkwe akafoka. "Amekufa ganzi huku chini na mkojo umegoma. Mpime sasa hivi."

Alijigeuza akatazama ukuta. Daktari akanilaza ubavu, akachukua sindano, akaanza kunichoma taratibu kuelekea huko chini.

"Unasikia?"

Sikusikia. Lakini woga una akili zake: nilidhani nikisema nasikia, basi nitasikia. Mdomo ulishafunguka niseme ndiyo.

"Mwanangu," akasema mama mkwe bila kugeuka, "mimi pia naogopa. Sema kweli."

"Sisikii," nikasema.

Jioni ileile nikakimbizwa Dodoma, nikapasuliwa. Natembea sasa, mguu wa kushoto unaburuta kidogo. Nikitaka kupiga chafya nashika ukuta kwanza, kiuno kisilie tena.