Majani Juu ya Shimo

Jirani yangu hapa Mususa, mtaa wetu wa Butembo, anaivisha ndizi za kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na tangu asubuhi harufu ya majani ya mgomba yaliyopashwa moto imeingia nyumbani mwangu bila hodi. Ni harufu iliyo kati ya chai na moshi. Wengine ikiwafikia hukumbuka arusi. Mimi hukumbuka kwamba niliwahi kujizika mzima, tena kwa hiari yangu.

Niwaambie mapema, ninyi mnaonisoma, kwamba mimi si mtu wa safari. Nimezaliwa Butembo, nimezeekea Butembo, na hata Beni nimefika mara tatu, mbili zikiwa za matanga. Watoto wangu husema mama akienda sokoni huaga kama anayekwenda Ulaya. Wanacheka. Mimi pia hucheka, mais lakini si sana.

Mama alikufa nikiwa mdogo. Baba alifanya kazi katika mashamba ya kahawa huko Mutwanga, donc, kwa hiyo, nililelewa na mama yake, ambaye tulimwita Mukaka, jina la bibi kwa Kinande. Alitengeneza kasiksi. Ng'ambo ya njia alikaa Mzee Sefu, Mwislamu wa Beni, mwenye kamio, lori la kubebea chumvi na vitenge. Binti yake Zaina alikuwa rika langu. Kwao kasiksi haikuguswa, lakini Zaina alizijua hatua zake zote kuliko mimi, kwa kuwa alishinda kwetu akinikosoa. Mchezo wetu mkubwa ulikuwa wa kupigiana viganja tukiimba, na aliyekosea alifinywa sikio. Masikio yangu mnaweza kuyaona hadi leo.

Mwaka wa nne wa uhuru, watu wazima walianza kuongea kwa sauti ndogo. Waasi wako karibu, walisema, halafu wakatazama barabarani. Mzee Sefu aliamua kuipeleka jamaa yake ng'ambo ya mpaka kabla njia haijafungwa. Akaja kwetu, kofia mkononi.

"Mama, fasi imebakia moja tu. Unipatie huyu mutoto. Kule atasoma pamoja na Zaina."

"Umubebe," Mukaka akajibu. "Miye niko muzee, waasi batanifanya nini? Batakunywa pombe yangu, basi."

Hakuna aliyeniuliza. Nami nilikuwa na sababu nzito ya kukataa, mbali na waasi na mipaka: nilikuwa nimepanda kamio ile mara moja tu, na kabla ya kufika Beni nilitapikia mkeka wa Mzee Sefu wa kuswalia. Yeye alinisamehe siku ileile. Mimi sikuwa tayari kurudia.

Sasa mjue namna ya kuivisha. Shimo huchimbwa, moto huwashwa ndani mpaka udongo uwe na joto, makaa na majivu yakatolewa, majani ya mgomba yakatandikwa. Ndizi huingia, halafu majani mengine juu, tabaka kwa tabaka, na mwisho kabisa gogo la mgomba la kuyakandamiza. Shimo likishafunikwa, halifunuliwi kabla ya siku zake. "Ndizi ya kuchunguliwa haiivi," Mukaka alisema kila mara, akinitazama mimi na Zaina, wachunguliaji wakubwa.

Asubuhi ya safari shimo lilikuwa limepashwa na kutandikwa, ndizi bado. Nilikuwa nimevishwa gauni la kanisani. Mukaka alipoingia ndani kunifungia viazi, nikatumbukia shimoni, nikajivutia majani mawili usoni.

Nikamsikia Zaina akija mbio.

"Masika, weye kuku wa kutamia, toka basi. Baba ameshawasha moteri."

Alikuwa anacheka. Akazunguka nyumba, akarudi, na safari hii hakucheka.

"Masika. Niko nakuita."

Alikuwa karibu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningemshika mguu. Nikaulalia mkono. Honi ikalia mara tatu. Kisha nikasikia sauti ya Mukaka, tulivu kabisa: "Hayiko. Nimetafuta kila fasi. Endeni tu, baba, njia isifungwe."

Kamio ikaondoka. Joto la udongo likanizidi nguvu, nikalala. Nilipoamka palikuwa na giza na uzito. Nikasukuma kwa miguu mpaka nikatokeza kichwa. Mukaka alikuwa ameketi kando ya shimo akichambua maharage.

"Umeamuka? Kuja ukule."

Hakunipiga. Ndizi za juma lile hazikuiva, shimo lilikuwa limepoa kwa ajili yangu. Akawapa mbuzi.

Halafu wakaja waasi, wakapita, wakaja wanajeshi. Tulilala katika kibanda cha shambani, tukala sombe, majani ya muhogo, bila chumvi, kwa kuwa chumvi yetu ilikuja na kamio ya Mzee Sefu. Tuliporudi, dirisha la kina Zaina lilikuwa likijipigapiga kwa upepo. Mchezo wa viganja hauchezwi na mtu mmoja. Nilijaribu kuucheza na ukuta wetu, na ninyi mnaoweza kucheka chekeni, lakini ukuta haukosei, na haukufinyi sikio.

Kwa kukosa mwenzangu nikamfuata Mukaka kila hatua, akanifundisha kazi yake yote. Kasiksi ndiyo iliyonisomesha sekondari. Hilo sikulihesabu. Nilihesabu ile kamio iliyoniacha tu. Habari za Zaina hazikufika kamwe, donc nikamtungia maisha: akawa muuguzi, kisha mwalimu, kisha akapata nyumba ya ghorofa. Kila nilipogombana na mume wangu nilihamia katika ghorofa ile kwa mawazo. Nilipolalama kwa sauti, "Laiti ningepanda," Mukaka alinyanyuka kwenda kuangalia mbuzi. Nilidhani amechoka kunisikiliza.

Baada ya kumzika Mukaka, nilifunika shimo peke yangu kwa mara ya kwanza. Nilipanga majani tabaka kwa tabaka, nikaliinamia gogo kuliweka juu, na mikono ikasimama.

Mtu aliye ndani hawezi kuliweka gogo. Mimi nilijivutia majani mawili tu. Lile giza, ule uzito niliousukuma kwa miguu, vilitoka wapi?

Nilikasirika siku nzima. Nilimgombeza marehemu kwa Kinande, ili anielewe vizuri. Jioni ndipo nilipomwona: mwanamke mzee ambaye kinywa chake kilikuwa kimenitoa, na mikono yake ikakataa. Aliyeishi miaka yote ile na mbuzi wasio na haja ya kuangaliwa.

Asubuhi ile niliitwa na wawili, mmoja kwa sauti, mwingine kwa majani. Zaina, kama uko hai, sikio langu liko hapa, ulifinye. Nafasi ile ya kamio sasa iende na kamio. Siku za sombe bila chumvi ninazitaka zote, hakuna hata moja ninayoirudisha.

Jirani amebisha hodi sasa hivi. Anauliza kama anaweza kufunua kidogo tu, aangalie ndizi zimefika wapi. Nimemwambia aziache.