Mahameli ya Kupandia Theluji

Yuan mia mbili na kumi na nane. Hiyo ndiyo gharama ya jambo zima, pamoja na simu mbili za kwenda Moshi na bakuli la tambi nililomnunulia Mzanzibari mmoja ili anyamaze. Nimeihesabu mara mbili, na mara ya pili ikatoka ileile, kwa hiyo naiamini. Kwa fedha hiyo, miaka ile ya mwisho wa tisini, pale Guangzhou ningepata mashati ya kujaza begi. Mimi nikanunua ski.

Nilizikuta mtaa wa Guangyuan Xilu, kwenye duka la mabaki ya oda. Nilikwenda kuchagua majaketi mazito kwa ajili ya walinzi wa usiku wa Arusha, yale ambayo mteja wa mbali aliyakataa eti zipu si ya rangi aliyoagiza. Nyuma ya marobota palikuwa na vibao viwili vyekundu vilivyopinda pua, vina mikanda ya kufungia viatu. Nikavisimamisha, vikaishia kiunoni. Ski nilikuwa nimeziona kwenye televisheni tu, watu wakiteleza nazo kwenye theluji, nazo zilikuwa ndefu kuliko mwenye nazo. Hizi zilionekana kama fundi aliishiwa mbao.

Ningezipita, kama si mdogo wangu.

Mdogo wangu anaongoza wageni Mlima Kilimanjaro. Wiki chache kabla ya hapo alikuwa amempeleka mama mmoja wa makamo, mzungu, aliyebeba ski fupi ndani ya begi la mgongoni. Walipofika penye theluji yule mama akazivaa, akapanda nazo mpaka juu, akageuka, akashuka akiteleza. Mdogo wangu akabaki chini na mizigo. Mama akamwambia atarudi mwezi wa nne, theluji ikiwa nyingi, na safari hiyo anataka mwongozaji wa kwenda naye bega kwa bega hata kwenye theluji. Ukipata za kwako, alimwambia, kazi ni yako. Usipopata, nitakuja na mtu wa kwetu.

“Dada, nimechoka,” mdogo wangu aliniambia kwenye simu. “Kila siku nawaonyesha watu njia mpaka penye utamu, halafu mimi nakaa.”

“Sasa kwa nini fupi?”

“Ndefu utazibebaje mlima wote ule? Zinagonga kila jiwe. Na penye nafasi finyu, fupi unageuka papo hapo.”

“Na kitu cha kuteleza kinapandaje mlima?”

“Chini anazivisha kitambaa cha manyoya. Ukisukuma mbele kinapita, ukirudi nyuma kinang'ang'ania. Akifika juu anakivua, anakitia kifuani, anashuka.”

Nikakata simu, maana nilikuwa nalipia mimi. Lakini swali halikukatika. Kitambaa gani hicho kinachojua mbele na nyuma?

Kwa hiyo siku ile dukani, laobani, yaani tajiri mwenye duka, alipoandika mia nne kwenye kikokotoo, sikuondoka. Nikacheka kwa adabu, nikaandika themanini. Akashika kifua. Nikamuuliza kwa mikono: hivi ni vya nini? Hakujua. Mji ule jasho linakutoka hata ukiwa umekaa. Theluji ataijulia wapi? Akafikiri kidogo, akanionyesha kwa kiganja urefu wa mtoto. Nikamwonyesha kwa kidole kikokotoo chake: basi andika bei ya mtoto. Tukaachana kwa mia na hamsini. Nikauliza kitambaa cha chini. “Meiyou,” akasema, hakuna, neno ambalo kila mfanyabiashara mgeni hulijua kabla hajafundishwa.

Mzanzibari, ambaye nilikuwa nachangia naye kontena, aliniona nikitoka navyo.

“Bibie, umenunua nini hicho? Pasi za zimwi?”

“Ski. Za mdogo wangu.”

Akazipima kwa macho. “Mdogo kiasi gani huyo?”

Siku iliyofuata tulikuwa Zhongda, kwenye soko la vitambaa. Nilikuwa natafuta mahameli ya makochi, ile ya manyoya mafupi magumu, kwa ajili ya fundi mmoja wa nyumbani. Nikafanya kama nifanyavyo siku zote: nikapitisha kiganja kwenda, ikang'aa, laini. Nikakirudisha. Ikawa nyeusi, ikanikwaruza.

Mkono ukasimama palepale.

Miaka yote nimeuza mahameli, na miaka yote nimewagombeza mafundi kuhusu jambo hilohilo: vipande vyote vielekee upande mmoja, la sivyo bibi harusi atatoka kifua kina rangi yake na mgongo una yake. Nilidhani manyoya yale yanalala vile ili kunitesa mimi. Kumbe yangeweza kumshikilia mtu kwenye mteremko.

Mwenye duka, mwanamke wa rika langu mwenye mkasi shingoni, alikuwa na kipande cha mwisho wa jora, chembamba. Nikakipata kwa yuan kumi. Ski ile ni pana puani na nyembamba mkiani, na kipande hakikutosha vipande viwili vikilala sambamba. Lakini mimi si mtu wa kushindwa na kitambaa. Nikageuza kimoja, pua ya hiki kwenye mkia wa kile, vikaenea bila kubaki hata uzi. Nilijisifu. Nikashona vitanzi vya lastiki mbele na nyuma, nikazivisha.

Nyuma ya duka palikuwa na mteremko wa saruji wa kupandishia mikokoteni. Mwenye duka alikuwa ameshaacha wateja wake kwa udadisi. Akatutandikia pamba nyeupe ya kujazia mablanketi iwe theluji yetu, akaibana kwa majora kila pembe. Nikafunga mikanda ya vidoleni, ya visiginoni nikaiacha wazi kama alivyonieleza mdogo wangu. Nikaanza kupanda.

Mguu wa kushoto ukaenda Moshi. Wa kulia ukabaki Uchina.

“Mshikeni! Mshikeni!” Mzanzibari akapiga kelele, mikono yake ikiwa mfukoni. “Bibie, amua basi. Wapanda au washuka?”

“Huu mguu una maumivu ya zamani.”

“Una maumivu leo?”

Nikabadilisha, ya kulia nikaivaa kushoto. Sasa wa kushoto ndio ukarudi nyuma. Kwa hiyo si mguu. Nikakaa chini, nikazigeuza, nikapapasa moja kutoka puani kwenda mkiani: laini. Nikapapasa ya pili: ikanikwaruza. Pua kwa mkia! Kosa lilelile ninalowakatia mafundi malipo yao, nimelifanya mimi, kwa kuokoa kitambaa cha yuan kumi.

Mwenye duka alipoelewa alicheka mpaka akakalia jora. Kisha akafuta machozi, akakata kipande kipya kutoka jora zima, akaandika kumi na tano. Nikaandika kumi. Akaninyooshea kidole ile ski iliyonirudisha nyuma. Nikalipa kumi na tano.

Safari ile nilipanda mpaka juu. Katikati nilisimama makusudi, mwili wote ukiegemea mteremko, nikingoja kurudi nyuma. Sikurudi. Nilihisi yale manyoya yakishika chini yangu, mamia kwa mamia, kila moja likifanya kazi yake ndogo. Nilikaa pale zaidi ya ilivyohitajika. Kushuka sitasimulia; Mzanzibari alikwisha kusimulia kwa kila mtu wa mtaa wa Huanshi Zhonglu kabla tambi hazijaletwa.

Ski zikaenda nyumbani ndani ya kontena, zimeviringishwa kwenye mapazia. Mwezi wa nne mama yule akarudi kweli. Nilipopiga simu sikumpa mdogo wangu nafasi ya kunisalimia.

“Zinapanda?”

“Zinapanda, dada! Mama kaigeuza yangu, kaipapasa, kaniuliza kama kuna mtu nyumbani anakaa sakafuni, maana hiki ni kitambaa cha kochi.”

“Ukashuka naye?”

“Bega kwa bega. Nimeanguka, lakini bega kwa bega.”

Msimu uliofuata mama yule alimtaka yeye kwa jina, na mpaka leo wageni wa aina hiyo ni wa kwake.

Ila kuna jambo moja halijaniacha. Theluji ikiwa mbichi na jua likitoka, manyoya yanaibeba, inaganda chini ya ski madonge ya ukubwa wa ngumi, na mdogo wangu anatembea kama aliyevaa matofali. Tumepaka mshumaa: unafaa mwendo mfupi, kisha unatoka. Tumepaka sabuni, ikawa mbaya zaidi. Mafuta ya nazi aliyashauri Mzanzibari, na hayo sitaki kuyazungumzia. Wewe unayesoma, kama unajua cha kupaka mahameli isishike theluji, tafadhali niambie. Na uniambie pia bei ya mwisho, siyo ya kuanzia.