Kitambaa Kilichomtaja Jirani

Nilikuwa nimepanga chumba Bunda, nyuma ya stendi, miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena. Jumapili moja nilikuwa nafua gauni jeupe lililomwagikiwa mchuzi wa binzari. Nikalipaka sabuni, na palepale doa la manjano likawa jekundu, likachuruzika katikati ya vidole vyangu. Nilirusha gauni, beseni likapinduka. Damu ile nilikuwa nimeshaiona zamani.

Mwanafunzi wa sekondari wa chumba cha pili alicheka mpaka akashika ukuta.

"Dada, unakimbia gauni lako mwenyewe? Kwani Kemia hukusomaga?"

"Niliishia la sita."

"Basi kaa, nikufundishe bure."

Akakamua ndimu juu ya doa. Wekundu ukafifia, manjano yakarudi. Ndimu ni asidi, akasema, sabuni ni besi. Binzari ikikutana na besi inakuwa nyekundu, ikikutana na asidi inabaki njano. Akarudia, sabuni, ndimu, sabuni, kama mtoto anayechezea taa. Yeye alifurahi. Mimi nilikaa chini kando ya beseni.

Wewe uliyeishi miaka ile ya dhiki utakumbuka tulivyonuka. Kwetu Makoko, sabuni ilipopotea madukani, jirani yetu mjane ndiye aliyetuokoa. Alichuja maji kwenye majivu ya maganda ya ndizi, yakatoka rangi ya chai, yanateleza mkononi na kuchoma ulimi, kisha akayachemsha pamoja na mafuta ya sangara. Sabuni yake ilinuka samaki, lakini povu lilikuwepo. Vidole vyake vilikuwa vimebabuka daima. Yeye na bibi yangu walikaa pamoja kila jioni wakimenya muhogo na kuchekana, huyu akimwita mwenzake mzee, na yule akijibu kwamba wote wamezeeka ila mmoja hana kioo.

Sukari ilipopatikana ililetwa kwa balozi wa nyumba kumi, ikakaa kwenye debe ikisubiri kugawiwa. Mimi ndiye niliyeiiba. Niliifunga kwenye pindo la kanga, nikawa naila kidogo kidogo pamoja na ukwaju, kwenye mawe ya ziwani.

Balozi alipoona debe limepungua, akamwita mtaalamu wa kufichua wezi kutoka mbali. Mtu yule alikataza mtu yeyote kunawa tangu aamke. Asubuhi hiyo wadudu wa ziwa walisimama juu ya maji kama nguzo za moshi, na hata kuku walinyamaza. Tulipanga foleni, mzee wa kanisa naye yumo, amevaa viatu vya ibada. Kila mmoja alipewa kipande cha kitambaa cha njano, kibichi, kinanuka binzari, akifinye kiganjani.

"Mkono ulioiba," alisema mtaalamu kwa sauti ndogo, "utatoa damu."

Kabla ya kuja nilikuwa nimejibanza nyuma ya choo, nikamaliza sukari yote na ukwaju ili kisipatikane kitu. Vidole vilikuwa vinanata. Nilifinya huku nimefumba macho. Nilipofumbua, kitambaa kilikuwa cha njano.

Mjane alifika wa mwisho, akikimbia kutoka kwenye sufuria yake ya sabuni, anajifuta mikono kwenye kanga. Alifinya, akafungua. Wekundu ulimtiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono. Aliutazama mkono ule kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Mama," alimwambia bibi yangu, "wewe unanijua. Sema basi."

Bibi aliangalia ziwa.

Kabla jua halijazama mjane alikuwa ameondoka, sufuria kichwani, kurudi kwao upande wa Butiama. Tukabaki tunaoga maji matupu.

Siku iliyofuata ile ndimu ya Bunda, nilipanda basi kwenda Makoko nikamwambia bibi yote: sukari, asidi ya ukwaju wangu, besi ya majivu ya mjane. Alisikiliza huku anapepeta dagaa.

"Unadhani sikujuaga?" alisema. "Ulinipita pale foleni unanuka ukwaju."

"Bibi! Na hukusema?"

"Yeye alikuwa na kwao pa kurudi. Wewe ulikuwa na mimi tu."

Akaendelea kupepeta.

Bibi hayupo tena. Pale kwa mjane pana nyumba ya bati jipya, na waliomo hawajawahi kusikia sabuni ya majivu. Nimepita Butiama mara nyingi juu ya malori, nikienda kutafuta kazi huku na kule, na sijashuka hata mara moja. Wa foleni ile karibu wote wamekufa wakiamini alikuwa mwizi. Kama mjane yu hai, duniani tumebaki wawili tunaojua kwamba hakuiba, na mmoja wetu hadi leo hajui kwa nini mkono wake ulitoa damu.